Nikimng'oa mtu jino bila kumwandikia antibiotiki, anaona sijamtibu

BARUA

Shikamoo Daktari,

Mimi ni tabibu wa meno katika kituo cha afya kimoja wilayani Mufindi. Niko peke yangu kwenye kitengo: chumba kimoja, kiti kimoja, na foleni inayojaa siku ya mnada kwa sababu ndiyo siku watu wanapopata usafiri. Wengine wanatoka kambi za mashamba ya chai, wengine vijiji vya ndani ambako mvua ikikolea hata bodaboda anakataa kwenda.

Tangu nianze kazi, kila ninayemng'oa jino namwandikia amoksilini na metronidazoli za siku tano pamoja na dawa ya maumivu. Ndivyo nilivyoona wakubwa wakifanya nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, na sikuona sababu ya kuhoji. Hivi karibuni mfawidhi wetu alirudi kutoka kwenye kikao cha wilaya kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, akafungua rejesta, akaniuliza mbele ya wenzangu kwa nini chumba cha meno kinatumia amoksilini nyingi kuliko wodi. Ni kweli, kopo likiisha kabla Bohari ya Dawa haijaleta jingine, mtu mzima mwenye nimonia anaandikiwa akanunue nje. Niliumia, ila pia nilikasirika, maana yeye hajui ninachokutana nacho mle ndani.

Nikajaribu kuacha. Haukupita muda yakanikuta mawili.

La kwanza ni la baba mmoja anayefanya kazi ya kupasua mbao. Nilimng'oa gego la chini, lilikuwa gumu, likavunjika, nikahangaika kutoa mizizi mmoja mmoja. Nikampa diklofenaki peke yake. Siku ya nne alirudi ameshika taya, anasema tangu juzi hajalala, maumivu yanapanda mpaka sikioni na kinywa kinanuka. Shavu halikuvimba, homa hakuwa nayo. Mkewe akaniambia wazi: "Ungempa dawa kama unavyowapa wenzake, haya yasingetokea." Nikamwandikia zote mbili, na baada ya wiki na siku kadhaa akapona.

La pili ni la mama mmoja mwenye heshima zake hapa kwenye kata. Nilipomkabidhi karatasi yenye dawa ya maumivu tu, alisimama mlangoni akasema kwa sauti, "Daktari gani huyu anang'oa jino hatoi dawa? Na kadi ya bima ya CHF nimelipia!" Akaenda moja kwa moja duka la dawa barabarani akanunua vidonge sita vya rangi mbili. Siku hizi wapo wanaoniuliza kabla hawajakaa kwenye kiti: "Lakini dawa utanipa?"

Nimerudi kuwaandikia wote. Na kuna mengine mawili yananitatiza. Anayekuja na shavu limevimba huwa namrudisha nyumbani na antibiotiki ili uvimbe ushuke kwanza, halafu aje nimng'oe. Wengi maumivu yakipoa hawarudi. Pia huku kwetu wagonjwa wengi wanaishi na VVU, na naogopa kuwang'oa bila kinga ya dawa. Naomba uniambie ukweli, nifanye nini? Nikisikiliza mfawidhi naogopa kuumiza watu, nikisikiliza watu naambiwa namaliza dawa za kituo.

Tabibu kijana, Mufindi


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na yule baba wa mbao, kwa sababu ndiye aliyekurudisha ulikotoka.

Soma tena ulichoandika: gego la chini, lililotoka kwa taabu, maumivu yaliyokuja siku mbili tatu baadaye na kuzidi hata ya jino lenyewe, yanapanda sikioni, kinywa kinanuka, hakuna uvimbe, hakuna homa. Ungemulika lile tundu ungekuta halina bonge la damu, na mfupa uko wazi. Damu ile iliyoganda ndiyo bandeji ya mfupa. Ikitoka mapema, mfupa unabaki uchi na mtu anaumia vibaya sana, lakini hayo si maambukizi yanayotibiwa kwa antibiotiki. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini, kwa jino lililovunjika, kwa wavuta sigara, na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Muulize kama alivuta usiku ule, au kama alisukutua kwa nguvu maji ya chumvi siku ileile ya kung'oa, maana wengi wetu huku tumefundishwa na mama zetu kusukutua mapema. Maji ya chumvi ni mazuri, ila yaanze baada ya saa 24, na yazungushwe taratibu mdomoni.

Alipona baada ya wiki na siku kadhaa kwa sababu huo ndio muda ambao tundu la namna hiyo huchukua kujifunika lenyewe. Alichohitaji siku aliporudi ni mikono yako: kuhakikisha hakuna kipande cha mzizi kilichobaki, kusafisha tundu kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyo vuguvugu bila kulikwangua, kuweka kipande cha kitambaa cha gozi chenye dawa ya mafuta ya karafuu, kumpa dawa nzuri ya maumivu, na kumwambia arudi kesho au keshokutwa ubadilishe gozi. Mara nyingi mtu wa namna hiyo anaanza kupata nafuu kabla hajatoka kwenye kiti. Wewe ulimpa karatasi, naye akabeba maumivu yake wiki nzima akiamini amoksilini inafanya kazi. Mkewe naye sasa anaamini hivyo, na atamwambia jirani.

Utaniuliza kama kumpa antibiotiki mapema kusingemsaidia hata kidogo. Nikujibu kwa uaminifu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021, yaliyokusanya tafiti za watu waliong'olewa meno, yalikuta kwamba dawa hizi zinapunguza maambukizi baada ya kutoa magego ya mwisho. Hata hivyo inabidi watu wapatao 19 wanywe dawa ili mmoja wao aepuke maambukizi, na hao ni wa magego yaliyofukiwa ndani, ya kupasua ufizi na kukata mfupa. Waliosalia, karibu wote, wanameza dawa isiyowaongezea kitu, na baadhi wanaondoka na kuhara au mzio juu yake. Kwa mtu mwenye afya njema unayemng'oa jino la kawaida kwa koleo, faida ni ndogo kiasi kwamba waandishi wa mapitio hayo wenyewe hawakuona sababu ya kuwapa watu wazima wenye afya. Kwa hiyo unapoandika amoksilini na metronidazoli kwa kila anayeinuka kwenye kiti chako, unafanya kinyume cha kile kinachojulikana.

Kabla sijaendelea, nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Vifaa vyako unavitakasaje siku ya mnada? Je, otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, ni nzima, na umeme ukikatika unafanyaje? Makoleo unayo ya kutosha foleni ile, au unaosha na kurudisha kwenye sinia? Nauliza kwa sababu nimeona vituo vingi ambako antibiotiki inatolewa kwa wote kama fidia ya wasiwasi kuhusu vifaa. Tabibu hajiamini kwamba koleo lilikuwa safi, basi anaandika dawa ili moyo wake utulie. Hakuna amoksilini inayomkinga mtu na homa ya ini au VVU vilivyokaa kwenye koleo ambalo halikutakaswa. Kama tatizo liko hapo, mwandikie mfawidhi ombi la seti za ziada na otoklevu ndogo ya kuweka juu ya jiko la gesi, ile inayofanya kazi umeme usipokuwepo. Mfawidhi aliyekuja na hoja ya usugu atakuwa na wakati mgumu kukataa ombi hilo, na ni haki yako kulitumia.

Sasa shavu lililovimba. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapofia.

Mila ya kusema "jino likiwa limevimba haling'olewi" ni ya zamani na imeenea mno, na wenye kuisema si wagonjwa peke yao. Ukweli ni kinyume. Jino lililooza mpaka likafa ndani halina tena damu inayopita kwenye kiini chake. Dawa unayomeza inasafiri kwa damu. Isipokuwepo damu, dawa haifiki. Ndani ya jipu nako dawa inapenya kidogo sana. Unachofanikiwa kwa siku tano za amoksilini ni kupunguza makali pembezoni, maumivu yanapoa, mtu anarudi shambani kuchuma chai, na chanzo kinabaki kilekile. Umesema mwenyewe: wengi hawarudi. Hawarudi kwako, lakini wanarudi dukani, wananunua tena, na tena, na kila mara bakteria waliobaki ni wale walioizoea dawa. Siku moja uvimbe unashuka shingoni.

Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo katika miaka yangu ya kazi. Mtu ameletwa usiku kwenye gari la kukodi, sakafu ya mdomo imeinuka, ulimi umesukumwa juu na nyuma, mate yanachuruzika kwa sababu hawezi kumeza, shingo imekakamaa pande zote mbili. Daktari Mjerumani aitwaye Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, zamani kabla dawa hizi hazijajulikana, na jina lake limebaki kwenye vitabu mpaka leo. Ukimuuliza ndugu yake, anakutolea mfuko wa plastiki wenye mabaki ya vidonge vya rangi tatu au nne. Kila kidonge kilinunuliwa kwa nia njema. Hakuna hata siku moja kati ya hizo ambayo mtu alimfungulia njia usaha utoke.

Kwa hiyo ng'oa. Jino lenye jipu ling'olewe siku hiyohiyo aliyokuja, mradi mdomo unafunguka na ganzi imekolea. Najua ganzi hushindwa kwenye nyama iliyovimba, kwa sababu tindikali ya uvimbe huizuia kufanya kazi. Ndiyo maana usichome kwenye uvimbe wenyewe, choma karibu na mshipa mkuu wa neva huko nyuma ya taya, mbali na usaha, kisha subiri kwa utulivu. Kama kuna jipu lililoiva ndani ya mdomo, lipasue, litoe usaha, weka kipande cha gozi au mpira lisijifunge mapema. Jino ambalo lingeweza kuokolewa kwa kutibu mzizi, mpe rufaa kwa daktari wa meno kama mgonjwa ana uwezo wa kufika; kama hana, mweleze kweli, aamue mwenyewe.

Antibiotiki inaingia wapi basi? Inaingia pale maambukizi yalipotoka kwenye jino na kuanza kuutembelea mwili. Homa. Mwili kuchoka kwa namna isiyo ya kawaida. Uvimbe unaosambaa shavuni bila mipaka, au tezi za shingo zilizovimba na kuuma. Hapo mpe, na usijisikie vibaya: amoksilini miligramu 500 kila baada ya saa 8. Kitabu cha antibiotiki cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kinasema siku 3 zinatosha ukiwa umeshaondoa chanzo, yaani umeng'oa au umetoa usaha. Siku 5 kama hukuweza. Amoksilini peke yake inatosha kuanzia kwa wengi. Metronidazoli iongeze pale ambapo amoksilini haikuleta nafuu, usiiandike kwa mazoea. Na kwa huko kwenu, msimu wa ulanzi, fikiri mara mbili kabla ya kuiandika. Unamwambia mtu asiguse pombe mpaka siku kadhaa baada ya dozi, naye ana mianzi inayotiririka kila asubuhi. Atakachoacha ni kidonge, si ulanzi, na nusu dozi itabaki kwenye dari ikisubiri jino la mtoto.

Mwenye mzio wa penisilini, jamii ya amoksilini, muulize alipatwa na nini hasa, wapi na lini. Kichefuchefu si mzio. Kuvimba midomo, vipele mwili mzima au kushindwa kupumua ni mzio, na huyo ndiye wa kumpa azithromaisini, si kila anayeitaka kwa sababu inamezwa mara moja kwa siku.

Na kuna wale ambao huwapi chochote cha kumeza nyumbani, unawapeleka. Mdomo haufunguki upana wa vidole viwili. Sauti imebadilika kama mwenye kitu kooni. Jicho linafumba kwa uvimbe. Chini ya kidevu pamekuwa pagumu pande zote. Anashindwa kumeza mate, au anapumua kwa shida. Huyo asisubiri gari la kesho. Mkalishe, usimlaze chali, mwite daktari wa zamu aamue dozi ya kwanza ya sindano, na apelekwe Mafinga au Iringa muda huohuo. Piga simu mbele ili wamngoje. Waonyeshe na wauguzi wenzako dalili hizi, maana mgonjwa kama huyo anaweza kufika siku ambayo wewe haupo.

Kuhusu wanaoishi na VVU, naelewa hofu yako. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, na nyinyi Iringa mko jirani kwa kila namna. Lakini mtu anayetumia ARV vizuri, virusi vimefubazwa, anapona tundu la jino kama mimi na wewe. VVU peke yake si sababu ya kumpa antibiotiki kwa jino la kawaida. Angalia kadi yake ya CTC, kliniki ya VVU. Kama ndiyo kwanza ameanza dawa, CD4, yaani seli za kinga, ziko chini sana au ana magonjwa nyemelezi, zungumza na wenzako wa CTC kabla ya kushika koleo. Vivyo hivyo mwenye kisukari kisichodhibitiwa: sukari ipimwe kwanza. Mwenye valvu ya bandia ya moyo, au aliyewahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo, ni habari tofauti. Huyo anahitaji dozi moja kubwa ya amoksilini, gramu 2, nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'olewa. Dozi moja tu. Sharti uulize swali la moyo kwa kila mgonjwa, na wengi hatuulizi.

Nilichokiona kwenye barua yako ni kwamba maumivu unayatibu kidogo kuliko unavyotibu bakteria wasiokuwepo. Geuza hapo. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, wala ugonjwa wa figo, wala pumu inayochochewa na dawa za jamii ya ibuprofeni, wala ujauzito, mpe ibuprofeni miligramu 400 pamoja na paracetamol gramu 1, anywe baada ya kula, kila baada ya saa 8 kwa siku mbili tatu za mwanzo. Pamoja, si moja baada ya nyingine kushindwa. Mchanganyiko huo umethibitika kutuliza maumivu ya jino kwa nguvu kubwa, na dozi ya kwanza anaweza kuimeza hapohapo ganzi ikiwa bado inafanya kazi. Kama unampa diklofenaki, usimwongezee ibuprofeni juu yake. Ni ndugu wale. Mjamzito mpe paracetamol peke yake. Mgonjwa ambaye usiku wa kwanza amelala hatafuti kidonge cha rangi mbili asubuhi.

Sasa yule mama wa mlangoni. Usimwone mkorofi. Amelipia kadi, amepanga foleni, ameumizwa sindano, ametolewa kiungo cha mwili wake, halafu anapewa karatasi fupi kuliko aliyopewa jirani yake wiki iliyopita. Kwake yeye hiyo ni dharau. Makosa si yake. Sisi ndio tulioifundisha jamii kwamba matibabu ni kidonge. Kwa hiyo maneno uyaanze kabla ya ganzi, wala si mlangoni wakati ameshakasirika. Mwambie hivi, kwa namna yako: "Kamwene, mama. Ugonjwa wako uko kwenye hili jino, na leo nalitoa lote. Likitoka, ugonjwa umetoka. Kitakachobaki ni kidonda, na kidonda hiki kinataka damu igande, dawa ya maumivu, na upumzike. Ukiona homa, au uvimbe unaongezeka baada ya siku ya tatu, nipigie, namba yangu hii hapa." Halafu mwandikie yote hayo kwenye karatasi: ang'ate gozi nusu saa, asiteme teme, asivute, asisukutue mpaka kesho, ale vya baridi au vuguvugu. Mpe na gozi za akiba mkononi. Hataondoka mikono mitupu, na ataondoka akijua cha kufanya usiku, jambo ambalo karatasi ya amoksilini haijawahi kumwambia.

Wakubwa wanaofika kwa masharti ya cheo chao wapewe heshima ileile, na dawa ileile.

Kwa wanaotoka mbali hasa, wale wa bodaboda kukataa, nchi nyingine huwapa cheti cha kusubiri: nunua tu ukizidiwa. Kwetu mimi siupendi utaratibu huo. Dawa ikishanunuliwa itamezwa na mtu fulani ndani ya nyumba ile, kwa ugonjwa wowote. Afadhali uchukue namba ya simu ya mgonjwa na ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chake, upige siku ya tatu. Simu ya dakika mbili itakuonyesha nani wa kurudi na nani yuko salama. Kama mtu ana usaha, hukuweza kuutoa, na njia haipitiki, mpe siku 5 bila kusita; mwongozo unakuruhusu na utu unakutaka.

Nenda pia kwenye lile duka la barabarani. Usiende na hasira. Maduka ya dawa muhimu yalianzia huku kwetu kusini, Ruvuma, mwaka 2003, na wauzaji wake walipewa mafunzo ili watu wa vijijini wasikose dawa salama. Wengi wanajua kabisa kwamba vidonge sita si dozi. Wanauza kwa sababu mteja amesimama mbele yao akiwa na pesa na maumivu, na hawana pa kumwelekeza. Mpe pa kumwelekeza. Mwachie kikaratasi chenye siku na saa unazokuwepo, na mkubaliane kwamba anayekuja kwa jino anauziwa dawa ya maumivu na kuelekezwa kwako, na mwenye shavu lililovimba anaelekezwa hata kama ni jioni. Mkumbushe habari ya tetrasaiklini, antibiotiki nyingine: mjamzito au mtoto wa chini ya miaka 8 asipewe, kwa kuwa inaacha madoa ya kudumu kwenye meno yanayoumbika. Hilo peke yake huwagusa wengi, kwani wana watoto.

Mfawidhi alikosea kukuuliza mbele ya watu. Hoja yake lakini ni nzito, na nisingependa hasira ikufiche hilo. Mwaka 2019 watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa wameshinda dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikuwa mkubwa zaidi. Vifo hivyo vinatokea kwa kichanga mwenye maambukizi ya damu, kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, na mara chache sana kwenye kiti cha meno. Ndiyo sababu sisi wa meno hatuvioni na tunaona mjadala hautuhusu. Lakini katika nchi nyingi zilizopima, karibu moja ya kumi ya antibiotiki zote zinazoandikwa nje ya hospitali zinatoka kwa watu wa meno. Ile amoksilini ya wodini uliyoitaja, unayo wewe.

Basi muombe mkae wawili. Peleka Mwongozo wa Matibabu wa Taifa, toleo la 2021, na daftari lako. Mwambie kuanzia mwezi ujao kila unapoandika antibiotiki utaandika na sababu kwa maneno machache: homa, uvimbe unaosambaa, usaha haukutoka, valvu ya moyo. Kama safu ya sababu iko tupu, dawa haiandikwi. Usiache yote kwa siku moja ukiwa na wasiwasi. Anza na walio wazi kabisa, wenye afya waliong'olewa jino bila shida, na kila mmoja mpigie siku ya tatu. Baada ya miezi michache utakuwa na daftari lako mwenyewe la waliorudi na wasiorudi, na hilo litakutuliza kuliko barua yangu.

Yule baba wa mbao mtafute. Akija kung'oa jingine, umweleze kilichompata mara ile, yeye na mkewe, na umwombe asivute kwa siku tatu. Ukiniandikia tena, nijibu kuhusu otoklevu.